Mafua ya Jemadari

Ninyi mlioolewa huku Ulimba juzijuzi, msishangae mkiambiwa kwamba mkubwa wetu hafi. Huugua mafua tu. Nitawaeleza yalivyoanza.

Zamani watu wa Ulimba walitangaza kifo papo hapo, hata katikati ya vita. Jemadari Ngwesa alipochomwa mkuki, mtu mmoja akapaza sauti, "Jemadari amekufa," na jeshi zima likageuka. Walikimbia wakapita ng'ombe wao, wakapita nyumba zao, wengine wakapita hata kwa wakwe bila kusalimia. Adui wakawaswaga ng'ombe polepole, kama watu waliotoka mnadani.

Mwaka uliofuata adui walirudi, safari hii wakitaka kisima. Jemadari mpya, Lugwisha, alisimama juu ya kichuguu akitoa amri, na mkewe Minza nyuma yake na kibuyu cha maji. Jua lilipofika utosini, mshale ukampata Lugwisha kifuani. Alimwangukia Minza mikononi, akakata roho.

Minza alimlaza, akamfunika kaniki yake hadi kidevuni, akakipakata kichwa chake. Nkwabi, kiongozi wa safu ya mbele, akaja mbio.

"Shemeji, mbona kalala?"

"Ana mafua," alisema Minza. "Kichwa kinamgonga. Amesema atakayemwamsha kabla hamjashinda, atamtambua."

Nkwabi alimjua Lugwisha akiumwa: mkali kuliko nyuki. "Na wewe mbona machozi?"

"Ameniambukiza."

Nkwabi akateremka, akawanong'oneza wenzake, nao wakanong'onezana. Wakapigana bila kelele, wasije wakamwamsha. Adui walizoea vita vya matusi na vigelegele. Walipoona watu wanawajia kimya, midomo wamefumba, wakadhani ni mizimu. Wakatupa ngao, wakatoka mbio.

Washindi walirudi kichuguuni wakinyata. Nkwabi akapiga magoti. "Shemeji, tumeshinda. Sasa tumwamshe?"

"Haamki," alisema Minza. "Sasa lieni."

Wakalia mpaka sauti zikawakauka, lakini hakukimbia mtu.

Na tangu siku hiyo, mkubwa akifa Ulimba, mkewe husema ana mafua, mpaka mrithi apatikane. Watu huelewa, wakaanza kusaga unga wa matanga kimyakimya. Mwenye taabu ni mkubwa aliye hai. Akishikwa na mafua ya kweli, hupiga chafya ndani ya blanketi, maana wajomba wakimsikia tu, mmoja wao huenda kukikalia kidogo kiti chake cha enzi, aone kama kinamtosha.