Chai ya Siwatu

Siwatu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na kuuza maziwa yake ndiko kulikowalisha wanawe. Tajiri Mang'enya, mwenye duka la maziwa, akavumisha mtaa mzima kwamba ng'ombe huyo ana kifua kikuu, na maziwa yake yanaambukiza. Wateja wakamkimbia Siwatu, naye akamshtaki tajiri kwa mwenyekiti wa mtaa. Shauri likasikilizwa uani kwa Siwatu.

"Kama ulikosea, omba radhi yaishe," mwenyekiti akamwambia Mang'enya. "Lakini kama ulijua ni uongo ukaueneza, utapita nyumba kwa nyumba ukikanusha, na duka nitalifunga."

"Mimi nidanganye? Niliambiwa, nikaamini, nikawaonya watu. Mpaka leo naamini! Kosa langu ni huruma."

"Basi tusigombane, mzee wangu," Siwatu akasema kwa upole. "Binadamu hukosea. Karibu chai."

Akammiminia chai ya maziwa, nzito, yenye iliki. Mang'enya akaimaliza upesi, akafuta masharubu.

"Chai hii, mwanangu, ungeiuza! Hebu ongeza."

Siwatu akajaza kikombe, kisha akajiziba mdomo. "Yarabi, nisamehe mzee! Nimesahau kukwambia. Hayo ni maziwa ya ng'ombe wangu yule yule, na nimeyatia mabichi."

"Sasa wasiwasi wa nini?" Mang'enya akacheka, akinyanyua kikombe. "Lete sukari."

Siwatu akamletea sukari, akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, aliyeamini angekuwa nje anatapika. Huyu ameomba sukari."