Mpako wa Kwanza

Mabinti wawili wa baba mmoja walikuwa hawasemezani. Mkubwa, Nakiete, alibaki nyumbani akamuuguza mama yao mpaka alipofariki. Mdogo, Eliwaza, alikuwa ameolewa mbali, na siku ya maziko hakuonekana. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyempelekea mwenzake.

Ikatokea baba yao, mzee Sefania, akaugua sana, kisha akapona. Akataka ifanyike ibada ya shukrani nyumbani kwake. Hakuomba mbuzi wala zawadi. Aliomba keki, na kwamba wakati wa kulishwa, mabinti zake wote wawili wasimame pamoja mbele yake na kumlisha. Alisema hilo ndilo lililomrudisha kutoka hospitali, na kwamba hajui kama atarudishwa tena.

Eliwaza akafika asubuhi ya shughuli hiyo. Alimkuta dada yake jikoni, keki imeshaiva na kupoa, naye anapiga aisingi ya kuipaka. Akasimama mlangoni.

"Dada, nisamehe," akasema. "Ingawa na ninyi habari mlinifikishia zikiwa zimechelewa."

Nakiete alisikia yale ya mwisho tu. Aliendelea kupiga ute wa mayai pamoja na sukari ya unga, akakamulia ndimu, akapiga tena mpaka aisingi ikawa nyeupe kabisa na kusimama kwenye mwiko bila kuanguka. Kisha, kwa kuwa wageni walikuwa karibu kufika na wali ulikuwa unamngoja motoni, akamsogezea mdogo wake bakuli na kisu pasipo neno.

Eliwaza akaanza kupaka. Keki ilikuwa imepunguzwa kingo ili ikae sawa, na kila alipopitisha kisu, makombo yalinyanyuka yakaingia kwenye aisingi. Weupe wote ukajaa madoa ya kahawia. Akajaribu mzaha. "Dada, keki ya baba imeota chunusi." Alipoona hachekewi, akageuza kisu ili aikwangue yote, aitupe, aanze upya.

Nakiete akamshika mkono.

"Usikwangue, mdogo wangu. Mpako wa kwanza kazi yake ni kushika makombo. Uache ukauke, wa pili utatoka safi."

Alipokwisha kusema hayo, mkono wake ulibaki juu ya mkono wa mwenzake. Jambo hilo alikuwa amewafundisha wasichana wengi wa kanisani kwao. Na asubuhi ile ile, neno la ndugu yake lilipomfikia likiwa na madoa, yeye mwenyewe alikuwa amelikwangua lote.

Akapunguza moto wa wali, akavuta vigoda viwili. Mpako unapokauka hapana la kufanya ila kungoja, basi wakangoja pamoja. Nakiete akaeleza kwamba siku ile ya msiba kila alipoishika simu sauti ilimkauka, akairudisha mezani. Eliwaza akaeleza kwamba alipopata habari kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na aibu ya kufika amechelewa ikawa nzito kuliko nauli. Hawakuyamaliza yote. Mengine yalisemwa vibaya, wakayaacha yakae hivyo hivyo.

Kisha wakapaka mara ya pili, mmoja akizungusha sahani, mwingine akishika kisu. Keki ikatoka nyeupe. Makombo hayakuwa yameondoka, yote yalikuwa mle ndani, lakini yalikuwa yameshikwa.

Mchana mzee Sefania alilishwa kipande kimoja kwa mikono miwili ya kulia. Alitafuna polepole sana, macho yake yakitoka kwa huyu kwenda kwa huyu, na watu wakamngoja bila kumharakisha.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ajijibu mwenyewe: ndugu yako akisogea baada ya kimya kirefu, na neno lake la kwanza likatoka na makombo, wewe kisu chako hukigeuzia upande gani?