Kona Sita za Njia ya Mweta

Zamani, kabla hamjazaliwa ninyi na kabla hawajazaliwa waliowazaa, njia ya kushukia kijito cha Mweta haikuwa na kona hata moja. Ilianzia kwenye nyumba za Ivuma ikaporomoka moja kwa moja hadi majini, kama kamba iliyoning'inizwa. Mwanamke aliyepanda na mtungi kichwani alihema mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua njia nyingine.

Siku hizo Ivuma ilikuwa na nyumba thelathini tu. Mtoto akilia huku, mama wa kule alinyanyuka. Ukipika maboga, harufu yake iliwaita wote waliokuwa karibu, nao walikuja bila kubisha hodi mara mbili. Ninapowasimulia haya hujiona nimekaa tena kwenye jiko la bibi yangu, yeye aliyenisimulia mimi, mikono yake ikimenya maharage mabichi bila kuyatazama.

Ndani ya Ivuma hiyo alizaliwa msichana aliyeitwa Nakiete. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na baba yake akafuata kabla mtoto hajaota meno. Alipotimiza miaka mitatu akashikwa na homa kali. Homa ilipomwachia, iliondoka na nguvu za miguu yake yote miwili.

Wazee walikutana kumjadili. Mmoja akashauri apelekwe kwa wajomba zake ng'ambo ya milima, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Hapo ndipo Nanzia, mjane aliyekuwa jirani wa marehemu, aliposimama na kumpakata mtoto.

"Huyu haendi popote," alisema. "Leo atakula na kulala kwangu. Kesho semeni ninyi."

Wazee walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine akataja siku ambayo nyumba yake itamchukua. Ikaanza zamu. Kila siku nyumba moja ilimchukua Nakiete, ikamlisha, ikamwogesha, ikambeba mgongoni kokote ilikokwenda. Alikua hivyo, akiijua Ivuma kwa migongo yake. Mgongo wa Nanzia ulinukia moshi na maziwa ya mgando. Mgongo wa Mrutu, mkulima wa maharage, ulikuwa mpana na wa moto, na kila alipopanda kilima Mrutu aliimba kwa pua. Nakiete alilala usingizi kwenye migongo hiyo yote.

Alipokuwa msichana mkubwa, wanawake walimfundisha kufinyanga. Udongo mzuri ulipatikana ukingoni mwa Mweta, basi asubuhi aliyekuwa na zamu alimshusha pale, akamkalisha karibu na shimo la udongo, kisha jioni akamfuata. Mikono yake ikawa na nguvu kuliko ya vijana wengi. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba, ukikigonga kimoja kwa ukucha kinalia, na watu wa vijiji vya mbali walipanda milima kuvifuata.

Lakini lilikuwepo jambo ambalo Nakiete alilitaja mara moja tu. Siku moja, akiwa mgongoni kwa mke wa Mrutu, aliomba wapitie juu ya mlima, mahali mawingu yanapotokea, aone upande wa pili ukoje.

"Siku nyingine, mwanangu," mama yule alijibu kwa upole. "Leo nina haraka."

Siku nyingine haikufika. Nakiete aliona kila kitu ambacho wengine walikwenda kukiona, akarudi pale waliporudi wao. Hakuuliza tena. Walikuwa wamemlea, wamemshibisha, na shukrani ilimziba mdomo.

Ikaja siku ya harusi ya binti wa Senkoro, mkuu wa kijiji. Asubuhi hiyo Nanzia alimshusha Nakiete mtoni, maana alikuwa na chungu cha harusi cha kumalizia. Mrutu ndiye aliyesema atamfuata adhuhuri. Adhuhuri ilipofika, Mrutu aliitwa kusaidia kuchinja, akadhani Nanzia atakwenda. Nanzia alikuwa akipika, akiamini Mrutu amekwisha kwenda. Kila aliyepita alidhani zamu ni ya mwingine.

Mvua ikanyesha ghafla, mvua ya milimani inayomwagika kama imepinduliwa. Wanawake waliokuwa wakifua upande wa chini walikusanya nguo wakakimbia. Nakiete aliita. Sauti yake ilimezwa na maji. Akaona kijito kinageuka rangi, kikalamba ukingo, kikaingia ndani ya shimo la udongo, kikachukua chungu cha harusi mbele ya macho yake.

Alijivuta kwa viwiko hadi mwanzo wa njia. Akapanda hatua chache, lakini njia yenyewe sasa ilikuwa mfereji, maji yakishuka nayo kwa kasi. Yakamrudisha chini. Akapanda tena, yakamrudisha. Mara ya tatu alifika kwenye mzizi mkubwa, akaushika, mzizi ukang'oka naye.

Alilala kifudifudi kwenye tope akalia. Hakulia kwa hofu ya kufa. Alilia kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kupanda kilima hiki, na sasa hakujua kinapandwaje.

Kisha akainua kichwa akatazama kando. Mlima pale haukuwa mkali ukiufuata ubavuni. Akaiacha njia, akajivuta kwenda kulia, akishika majani na kuchomeka ardhini kijiti chake cha kuchimbia udongo. Alipofika kwenye mwamba hakuweza kupita, akageuka kushoto. Akaenda hivyo hadi alipokutana na korongo, akageuka tena. Kila alipogeuka alipumzika, akahesabu pumzi, akaendelea. Alipita katikati ya shamba la maharage la Mrutu na kuyalaza chini maharage yote yaliyokuwa mbele yake.

Huko juu ngoma zilikuwa zimepamba moto. Mvua ilipopungua, Nanzia akaketi kula, akageuka kumpa Nakiete, aliyezoea kukaa kando yake, kipande cha nyama, akakuta nafasi tupu.

"Nakiete yuko wapi?"

Mrutu akasimama. Sahani ikamwanguka. Kijiji kizima kikashuka ile njia iliyonyooka kwa kuteleza na kuanguka, bwana harusi akiwa mbele. Chini walikuta maji yamefunika shimo lote, na kapu la udongo limenasa kwenye matete. Nanzia akapiga yowe, wengine wakalipokea. Mrutu aliingia majini mpaka kifuani akipapasa, akiita jina lile, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima tena.

Nakiete wakati huo alikuwa amefika nyumba ya kwanza, amejiegemeza ukutani, tope limemfunika hata nyusi. Alisikia kilio kinapanda kutoka bondeni. Akajaza kifua chake pumzi.

"Mnamlilia nani?" aliita.

Kilio kikakatika. Nyuso zote zikainuka.

"Tunakulilia wewe!" Nanzia alijibu kabla hajafikiri. Kisha akakaa chini pale pale kwenye matope, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake Senkoro akaita baraza. Aibu ilikuwa imewakalia wote. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile zamu itakuwa ya nyumba mbili kwa siku, ili mmoja akisahau mwingine akumbuke. Wote wakaitikia.

"Naomba kusema," alisema Nakiete. Hakuwa amewahi kusema barazani. "Baba zangu, mama zangu, sijawahi kulala njaa. Hakuna mgongo wa Ivuma ulionitupa. Lakini niende kokote, nakwenda safari ya mwingine. Msiniongezee wabebaji."

"Unataka nini basi, mwanangu?" aliuliza Senkoro.

"Nataka njia."

Mzee mmoja akasema mlima ule ni mkali, njia nyingine haiwezekani.

"Ipo. Jana niliipita."

Walikwenda kuitazama. Tope lilikuwa limeanza kukauka, na alama ya mwili wake ilionekana tangu mtoni hadi nyumbani. Ilikwenda kulia ikarudi kushoto, mara sita, na kando yake kulikuwa na matundu ya kijiti na chapa za viganja. Mrutu alitembea pembeni mwa alama ile peke yake, polepole, mpaka shambani kwake. Kila mtu alijua shamba lile ndilo lililolisha watoto wake. Akachukua jembe akapiga la kwanza katikati ya maharage.

Walichimba mpaka mwezi ukaandama tena. Nakiete alikuwa mbele, akipita kila kipande kabla hakijakubaliwa. "Hapa bado pakali," alisema, nao wakarudia. Kwenye kila kona aliwaonyesha mahali alipopumzika, na pale wakaweka jiwe la kukalia.

Siku njia ilipokamilika, alishuka nayo peke yake akijivuta, akapanda nayo peke yake, akapita nyumba zote bila kusimama na kuelekea juu ya mlima. Wanasema Nanzia alisimama mlangoni akimtazama, akapeleka mkono nyuma ya mgongo wake, kama mtu aliyepoteza kanga ya kubebea mtoto. Jioni Nakiete aliporudi walimuuliza ameona nini.

"Kuna ziwa," alisema, na hakueleza zaidi. Ulikuwa mkutano wake yeye na ziwa lake.

Na tangu siku hiyo njia ya Mweta ina kona sita. Baada ya Nakiete waliipita wazee waliopoteza macho, wajawazito, watoto wanaoanza kutembea, na Nanzia mwenyewe magoti yalipomwishia. Tangu siku hiyo pia, mtu wa Ivuma akikukuta umeelemewa hakunyanyui kwanza. Huinama akakuuliza, "Unaelekea wapi?" Miaka michache iliyopita walikuja wajenzi na mifuko ya saruji, wakataka kutupasulia ngazi iliyonyooka, ya haraka. Tuliwashukuru sana, tukawapa chai. Kisha tukawaomba saruji yao waimwage kwenye kona.