Mizizi ya Mdaa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa, na ugali wangu mmeumaliza? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, miti ilipokuwa ikisema na watu, palikuwa na msusi wa mikeka aitwaye Mwanamvua. Alikuwa na binti mmoja tu, Kibibi. Kila masika mtoto alishikwa na tumbo la kuendesha. Mama alikwenda kwenye mti wa mdaa, akachimba kipande cha mzizi, akakichemsha, Kibibi akanywa, akapona.

Mzizi huohuo ndio uliotia ukindu wa kusukia mikeka rangi ya hudhurungi. Na wasusi walikuwa na desturi: unachimba upande mmoja, unafukia shimo, upande wa pili unauacha hadi mwakani.

Mwaka huo mfalme akamwoza binti yake. Akataka mikeka ya kutandika ua mzima. Mwanamvua akasema, "Kazi hii aipate mwingine? Thubutu!"

Akachimba upande wa kwanza. Mdaa ukalia, "Mwanamvua, niachie!"

"Nitakuachia, bado kidogo."

Akachimba upande wa pili. "Mwanamvua, niachie!"

"Nitakuachia, bado kidogo."

Akafikia mzizi wa katikati. "Mwanamvua, niachie, nakufa!"

"Bado kidogo! Mti gani huu wenye kelele!" Akaukata. Ah, mwanamke yule!

Harusi ikafana. Masika yakaingia, na Kibibi akashikwa. Mama akakimbilia kwenye mdaa, akaukuta majani yamekauka.

"Mdaa wangu, nipe mzizi, mwanangu anaisha!"

"Nikupe upi?" mti ukanong'ona. "Yote umeitia vyunguni."

Midaa mingine ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto umefurika. Mwanamvua akarudi mbio, akaupasua mkeka aliojiwekea, akautia chunguni, akachochea moto. Maji yakachemka, yakachemka, yakachemka. Yakabaki meupe. Rangi ilikuwa imeshika, haikutoka hata tone.

"Mama, dawa bado?" Kibibi akauliza.

"Bado kidogo, mwanangu."

Alipogeuka, mtoto amekwisha nyamaza.

Majirani wakaja kumlaza maiti. Wakatandika mkeka mwingine wa hudhurungi. Mwanamvua akaurukia, akaukunja, akautupa nje. "Si huo! Nileteeni mweupe!"

Wakatafuta nyumba nzima. Mkeka mweupe haukuwamo hata mmoja. Ikabidi waazime kwa jirani.

Hadithi yangu imekomea hapo.