Marhamu Iitwe kwa Jina la Nani?

Sogeeni mnisikie. Leo simleti sungura wala fisi. Naleta watu, tena watu wa kwetu Upareni, na nawaleta kifua mbele.

Bi Nakiete alizaa watoto watatu. Namkunda, wa kwanza, alijaliwa mkono usiojua upendeleo. Akigawa nyama, hata paka aliridhika na fungu lake. Sifuni, wa kati, alijaliwa miguu isiyochoka na sikio ambalo watu walilimwagia siri zao. Elihuruma, kitinda mimba, alijaliwa kichwa cha hesabu, na ubishi wa kukilinda.

Mama yao alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda ndugu, kile kinachofika mguuni kama mgeni wa siku mbili kisha kinahamia. Basi Daktari Mshana alipoleta marhamu mpya milimani, akatangaza kwamba itajaribiwa kwa wagonjwa mia mbili, nusu wapake mpya na nusu wapake ya zamani, hao watatu walikuwa wa kwanza kuomba kazi.

"Ikishinda, itafika kila zahanati ya milima hii," daktari aliwaambia. "Ikishindwa, tutaendelea kukata miguu."

Namkunda ndiye aliyesimamia kura. Alikunja karatasi mia mbili, akazitia ndooni, kila mgonjwa akachota yake bila kuchungulia. Mjomba wao mwenyewe akachota dawa ya zamani.

"Mpwa wangu, hebu nirudishe mkono kidogo."

"Shikamoo, mjomba. Mkono umeshatoka."

Mjomba alinuna miezi miwili, hata salamu akawa haitikii. Namkunda alilia nyumbani, lakini karatasi haikubadilishwa.

Ikapita miezi mitatu. Siku ya kupima vidonda, wagonjwa ishirini wa dawa mpya hawakuonekana. Hapo ndipo Sifuni alipofunga kanga kiunoni, akapanda na kushuka makorongo, shamba kwa shamba, mpaka akawapata wote ishirini. Kumi na tisa waliiacha dawa kwa sababu iliwachoma, na wengi wao walikuwa wale wenye vidonda virefu zaidi. Wa ishirini alikuwa Naetwe, mke wa watu, aliyekuwa akichimba tangawizi huku akichechemea.

"Dada, mimi sikuiacha," Naetwe alisema kwa kunong'ona. "Nilichota mpya, mama mkwe akachota ya zamani. Sasa mimi nitapitaje mbele yake na mguu unaopona, yeye anaburura wake? Tulibadilishana makopo. Yeye amepona. Mimi ndiyo kama unavyoona. Nakuomba usiandike, watasema nimemwaibisha."

"Nisipoandika, Naetwe, daftari litasema uongo, na watu wataumia kwa uongo huo."

Naetwe akapangusa udongo kwenye jembe. "Haya, andika."

Daftari likafika mezani kwa Elihuruma. Daktari Mshana, mtu mwema lakini mwenye haraka, alilisoma akashika kichwa.

"Wafute hao ishirini! Hawakufuata masharti. Tuhesabu waliopaka kweli."

"Ukiwafuta hao, Daktari, unawafuta wenye vidonda vibaya, unabaki na wenye nafuu. Dawa itang'aa kwa mwanga wa kuazima."

"Basi huyu Naetwe na mkwewe wahamishe. Bibi amepona kwa dawa mpya, nawe unamweka upande wa zamani! Huoni unaipunja dawa yetu?"

"Naona. Lakini kura ilikomweka mtu, hapo ndipo nitakapomhesabu. Huko zahanati, Daktari, dawa itakwenda kwa watu wenye wakwe."

Daktari akacheka bila kupenda. Elihuruma akahesabu hivyo hivyo, pamoja na waliotoroka. Katika mia wa dawa mpya walipona sitini na wanane. Katika mia wa zamani, arobaini na watano. Kisha akahesabu mara ya pili, safari hii akiwatazama waliofuata masharti peke yao, akaiweka hesabu hiyo pembeni ili nayo isomwe. Katika hesabu zote mbili dawa mpya ilishinda. Chema chajiuza, wanasema wahenga; dawa haijiuzi, jamani, dawa huhesabiwa.

Jopo la madaktari wakubwa likaja kukagua. Wakauliza maswali matatu tu.

"Nani alichagua wa kupewa dawa mpya?" Namkunda akaonyesha ndoo, na mjomba aliyenuna akasimama kuwa shahidi.

"Waliopotea wako wapi?" Sifuni akasoma majina ishirini, na vijiji vyao.

"Na hawa mliwahesabu wapi?" Elihuruma akafungua ukurasa.

Jibu moja tu lingekosekana, marhamu ingerudi ilikotoka. Lakini hakuna lililokosekana. Marhamu ikapita! Bi Nakiete alipiga vigelegele akiegemea mkongojo wake, na nani angemlaumu? Hata mimi nikisimulia naona fahari.

Katika mkutano wa kuipokea, Daktari Mshana aliinua kopo. "Kiwanda kinataka marhamu iitwe kwa jina la mtu wa nyumbani, na hapa imeachwa nafasi ya jina moja. Mama, wanao watatu. Tuandike nani?"

Bi Nakiete akawatazama mmoja mmoja. "Bila kura, wangesema mlipendelea. Bila miguu ya Sifuni, wangesema mlificha. Bila ubishi wa huyu mdogo, wangesema mliipamba hesabu. Mniache, mzazi hachagui."

Ndipo Bi Mbonea, yule mama mkwe wa Naetwe, alipoinuka kwa miguu miwili mizima.

"Na mkwe wangu je? Hao wamefanya kazi, nawapa heko. Lakini asingesema kweli, hilo daftari lingekuwa na ukweli gani? Alinipa kopo lake, kisha akakubali aibu iandikwe. Tazameni mguu wake."

Watu wakageuka. Naetwe alivuta kanga akaufunika mguu, lakini kitambaa cha kidonda kilikuwa kimelowa, na wote waliona.

Mkutano ukagawanyika. Wa Namkunda walipaza sauti, wa Sifuni wakawajibu, wa Elihuruma wakabisha kama yeye mwenyewe, na wanawake wengi wakaenda kusimama karibu na Naetwe. Daktari bado ameshika kalamu.

Sasa msinitazame mimi, nimemaliza sehemu yangu. Kopo lina nafasi ya jina moja. Je, wewe ungeandika la nani?