Wadudu Aliowaleta Elikana

Mtu mmoja alikuwa na shamba la matunda lenye mipichisi arobaini katika milima ya Njombe. Jina lake Elikana Mligo. Kila mwaka vidukari waliyashambulia majani machanga, wakayafyonza hadi yakajikunja. Na kila mwaka walikuja wadudu wadogo wa mviringo, wekundu, wenye madoa mawili meusi mgongoni, wakawala vidukari hao taratibu. Mavuno hayakuwa mengi, lakini yalitosha. Elikana alikuwa amewaona wadudu hao maisha yake yote, wala hakuwahi kuwashukuru.

Siku moja mchuuzi mpita njia alimwonyesha kopo la wadudu wa jamii hiyohiyo, ila wakubwa zaidi, wa rangi ya chungwa, waliotoka nchi ya mbali, akasema wanamaliza vidukari upesi. Mkewe, Sekela, alitaka kujua watakula nini vidukari wakiisha. Elikana alimjibu kwamba mwenye shida hana nafasi ya maswali. Akalinunua kopo, akalifungua shambani.

Mwaka ule mapichisi yalijaa matenga. Elikana alisimama kanisani akatoa ushuhuda wa mavuno, bila kulitaja lile kopo.

Vidukari walipopungua, wageni wale waligeukia mayai na mabuu ya wale wadudu wadogo wekundu. Wakaingia kwenye matunda yaliyopasuka. Wakasambaa hadi mashamba ya jirani na ndani ya nyumba, wakiacha mabaka ya njano ukutani na harufu inayokaa siku nyingi. Watu waliulizana balaa hilo limetoka wapi. Elikana alinyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kukwepa kukutana nao njiani.

Mwaka wa tatu alinunua sumu kali, akajaza bomba la kupulizia, akalibeba mgongoni. Alikusudia kuua kila kiumbe chenye mabawa shambani mwake. Sekela alisimama mbele yake.

"Baba Neema," akasema, "siku ile hukuuliza unaleta nini. Leo unajua unaua nini?"

Elikana akalitua bomba. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba kuungama. Alitarajia matusi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane aitwaye Tuponile, ambaye nguo zake zote zilikuwa na yale mabaka. Tuponile alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na mifagio miwili, akampa mmoja.

Baridi ya Juni ilipokaza, wadudu wa rangi ya chungwa walijikusanya kwa maelfu kwenye pembe za dari wapate joto. Hapo ndipo majirani walipowafagia, wakawatia katika ndoo za maji ya sabuni. Walifanya hivyo majuma sita, na mwaka uliofuata wakafanya tena.

Baada ya mvua za kwanza Sekela alimwita mumewe kwenye mpichisi wa pembezoni. Chini ya jani walikuwapo wekundu watatu, wenye madoa mawili, wakila. Elikana aliketi pale pale kwenye udongo uliolowa, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Wale wageni hawakuisha. Kila baridi watu hufagia, na Elikana hufagia dari za wengine kabla ya yake. Lakini mapichisi yanatosha, naye anapita njiani bila kuinamisha uso.

Nanyi mnaokesha mkiomba msaada kutoka mbali, mmekwisha kumtazama anayewasaidia sasa?