Mpindue Koa Kwanza

"Mpindue koa kwanza, ndipo umwage jivu." Mmemsikia mama yenu akimwambia Nambike hivyo asubuhi, nanyi mkacheka. Kaeni basi. Maneno hayo yalizaliwa huku huku kwetu Upareni, na chanzo chake ni hiki.

Mwaka mmoja masika yalikataa kuisha. Makoa, wale konokono wasiobeba nyumba, wakajaa kwenye matuta ya miche ya kabichi. Kila asubuhi majani yalikuwa matundu matupu. Mzee Senzighe akapiga baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, na kila mtu akaja na jivu la jikoni kwake. Koa akimwagiwa jivu hafiki mbali.

Naetwe alikuwa ameolewa kwetu mwezi uleule, akitokea upande wa pili wa mlima. Alipofika kwenye tuta la mama mkwe wake, Nanzia, akaweka jivu chini na kuanza kuwapindua makoa kwa kijiti, mmoja mmoja.

"Shemeji," Senzighe akamwita, maana kwetu mke wa ukoo ni shemeji wa wote, "umekuja kuolewa au kufuga?"

Watu wakacheka. Naetwe akaona haya, lakini akaonyesha.

"Tazama, shemeji. Huyu wayo wake, hapa chini anapotambalia, ni mwembamba, umepita katikati ya tumbo kama mkanda. Huyo ndiye mla majani. Huyu mwingine wayo umeenea tumbo zima, na mkiani ana kijipembe. Hawa ni koo mbili. Huyu wa pembe hula ukungu na vilivyooza. Kwetu hatumgusi."

"Koa ni koa! Wote wana ute."

"Wana ute wote, ndiyo. Hawali chakula kimoja."

Senzighe akakunja uso. "Sawa, fuga. Lakini miche yenu ikiliwa, msije kwetu kuomba hata mmoja."

Naetwe akamtazama mama mkwe wake. Tuta lile ndilo lililokuwa chakula chao cha mwaka mzima, na Nanzia alikuwa mjane. Angeweza kusema, "Mwanangu, fanya kama wenzako." Hakusema. Alivunja kijiti, akachutama kando ya mkwewe, akauliza, "Wa pembe nimweke wapi?" Mimi husimulia kisa hiki kwa ajili ya hapo tu.

Wale wengine wakamwaga jivu juu ya kila kilichotambaa. Siku chache majani yakapona, wakafurahi. Kisha ukungu ukashuka mlimani na kukaa. Ukungu mwingine, ule mweupe wa kuozesha, ukaota kwenye matandazo, ukapanda mashinani. Miche ikaanza kulala, tuta baada ya tuta. Hapakuwa tena na koa wa pembe wa kuula. Tuta la Nanzia lilikuwa na matundu mawili matatu, lakini lilisimama.

Siku ya kupandikiza Naetwe akang'oa miche, akaifunga kwa kamba za mgomba, akaanzia nyumbani kwa Senzighe.

Mzee akabaki mlangoni. "Huna la kuniambia?"

"Nibebe miche au maneno, shemeji? Mikono ni miwili tu."

Senzighe akaipokea. Masika yaliyofuata akapiga baragumu kama kawaida, watu wakaja na jivu lao, naye akasimama juu ya jiwe akapaza sauti: "Jamani! Mpindue koa kwanza, ndipo umwage jivu!" Hakuna aliyecheka.

Sasa, Nambike. Kanga yako imepotea, nawe umeshatangaza kisimani kwamba ameichukua yule msichana mgeni, kwa sababu kaka yake aliwahi kuiba kuku. Msichana mwenyewe umemwuliza? Juzi nilipoteleza na ndoo, ni yeye aliyeniinua, akanifuta tope miguuni kwa kanga yake mwenyewe. Ilikuwa ya kijani, mjukuu wangu. Yako ni nyekundu.

Nenda kamwombe radhi, kisha utafute vizuri. Mpindue koa kwanza, ndipo umwage jivu.